Mama Anapunguza

Siku mama alipompa mdogo wangu ile sufuria kubwa ya mfuniko mzito, nilicheka nao, nikasifia, nikamsaidia hata kuifunga kwenye kanga isimchafue nguo. Kisha nikarudi kwenye cherehani yangu, nikashona mkono wa kulia wa gauni la mteja mahali pa mkono wa kushoto.

Sufuria ninazo. Ninazo za kulishia harusi. Lakini ile ndiyo niliyojifunzia kupika nikiwa nasimama juu ya kigoda, na mdogo wangu mpaka leo hata maji ya chai huyaunguza. Mtu wa namna hiyo anapewa sufuria ya nini? Ataitumia kuzuilia mlango usipigwe na upepo.

Mama yetu alifanya kazi maisha yake yote kwenye stoo ya mashuka ya hospitali. Alikuwa akipokea mashuka, akiyakagua, akiyakunja na kuyagawa wodini, na alipostaafu alirudi nyumbani na tabia zake zote. Kwake, kitu kina kazi au kinatoka. Ukimwambia unahitaji, anakupa. Ukisema huhitaji, anampa anayefuata kwenye foleni, wala hakuulizi mara ya pili. Wauguzi walimwogopa kuliko walivyomwogopa daktari mkuu.

Mwaka huu akaanza kupunguza. Hilo ndilo neno lake. Anakaa ghorofa ya tatu na magoti yake yamegoma kupanda ngazi, basi kila asubuhi, kabla hajanywa chai, anafungua droo moja, au rafu moja, au mfuko mmoja ulioning'inia nyuma ya mlango. Anachobakiza anakirudisha kimekunjwa. Kinachotoka kinatoka siku hiyohiyo, hakilali. Nilimwambia, "Mama, si tuje wote Jumamosi moja tumalize kazi?" Akanijibu, "Mkija wote mtanijazia kelele, na vitu vitabaki palepale."

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaniua. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo kila kitu kilichotoka, simu ya kwanza ilikuja kwangu.

"Unahitaji birika?"

"Aa, mama, birika ninalo."

"Haya."

Na simu inakatwa! Mzazi mwingine yeyote angesema, chukua tu mwanangu, hili ni la mama yako. Angesema hivyo mara moja tu, ningelipokea kwa mikono miwili na machozi juu. Nilitaka kubembelezwa kidogo, ni dhambi? Mimi si mtu wa kunyoosha mkono. Tangu nifungue kibanda changu cha ushonaji sijamwomba mama hata kijiko, na ukoo mzima unalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia.

Jioni, picha inaingia kwenye simu. Birika la mama liko juu ya jiko la mdogo wangu, linatoa mvuke, na chini yake ameandika: "Asante mama yetu."

Kesho yake nilipita dukani nikanunua birika. La umeme, linajizima lenyewe. Nililiweka chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha mwanangu wa kwanza kabla hajapata kazi mji mwingine, maana jikoni nafasi ilikuwa imeisha. Halikutoka hata kwenye boksi lake. Nilitosheka kujua kwamba lipo, na kwamba ni kubwa kuliko lile.

Mama akapunguza sufuria, nami nikanunua sufuria, seti nzima, zinaingiana. Akapunguza pazia zake za sebuleni zenye maua ya zambarau, nikashona pazia za maua makubwa zaidi, kitambaa kizito, na pindo nikalipiga mara mbili. Akapunguza vile viti vinne vya mbao alivyotukalisha tulipokuwa tunasoma. Siku hiyo nilitaka kusema ndiyo, naapa. Neno lilifika kwenye meno.

"Viti vinne," mama aliuliza, "unavihitaji?"

"Viti vimejaa hapa, mama. Wageni wenyewe ndio hawapo."

"Haya."

Nikakaa na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata. Wiki hiyohiyo nikaagiza viti vyangu, sita, vyenye mito.

Mume wangu ni kinyozi, na kinyozi hana breki mdomoni. Alikuja akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akatazama maboksi yalivyopandana.

"Mke wangu, tumefungua duka na mimi sijaambiwa?"

"Vitu haviozi."

"Sawa, haviozi. Lakini acha hiki chumba kikae wazi. Huwezi kujua, anaweza kuja mgeni."

"Mgeni gani? Ndugu zako wakija wanalala sebuleni na wanakoroma vizuri tu."

Akakuna kichwa, akaondoka. Alinirudia na habari ya mgeni wake huyo siku nyingine tena, na mimi nikamwambia akanyoe watu aniache.

Nilienda kwa mdogo wangu mwisho wa mwezi. Yeye ni mwalimu wa chekechea, amepanga vyumba viwili yeye na wanawe watatu, na baba yao alishajiendea zake. Nilipoingia nilirudi hatua moja kuangalia kama sijakosea mlango. Ilikuwa sebule ya mama ile. Pazia za zambarau dirishani. Viti vinne ukutani. Saa yenye mlio wa kukohoa, kabati dogo la vikombe, hata kitambaa cha kufunikia redio. Mtoto wa mwisho alikuwa anakunywa maji kwenye kikombe changu cha utotoni, chenye jogoo ubavuni, na jogoo mwenyewe ananitazama.

"Dada, karibu, kaa," mdogo wangu alisema, akisogeza vitu ili nipate pa kupita. "Chukua basi viti viwili uende navyo. Unaona mwenyewe, hapa hata pa kugeukia hakuna."

"Mimi? Viti?" nikacheka kile kicheko changu cha wateja. "Viti ninavyo, mdogo wangu. Kaa na vyako."

"Si vyangu. Ni vya mama."

Alivyolisema hilo, kwa sauti ya chini, nililiona ni la kunikoga. Nikanywa chai yake yenye harufu ya moshi, nikaaga. Njia nzima nilikuwa nahesabu nani alimpeleka mama kliniki mwaka jana, nani alimshonea magauni yote, nani anampigia simu kila asubuhi. Mimi, mimi, mimi. Na nani anavuna? Kitindamimba, aliyezaliwa mimi nikiwa tayari najua kufua.

Ndipo ikaja habari ya kitanda.

Nilikuwa kibandani, napima kiuno cha mteja, simu ikaita. Mdogo wangu.

"Dada, naomba unishonee mashuka na foronya. Kitanda kikubwa. Mama amenipa kitanda chake jana."

"Kitanda gani?"

"Chake. Anacholalia."

Nilimfunga yule mteja tepu kiunoni mpaka akapiga kelele. Kitanda hata sikuulizwa! Na mtu akitoa sufuria, anapunguza. Akitoa anacholalia, huyo anahama, na kitanda kimetangulia anakokwenda. Kumbe muda wote huu mama alikuwa anajihamishia kwa mdogo wangu, kitu kimoja kila asubuhi, mbele ya macho yangu, na mimi nafunga mizigo kwenye kanga na kusifia. Na mashuka ya kumlaza nishone mimi.

Nikafunga kibanda mchana kweupe. Mteja nikamwambia arudi kesho, kiuno hakikimbii.

Ngazi za mama nilizipanda bila kupumzika. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na kitu. Sakafu imepigwa deki, kuta zimebaki na alama za mahali picha zilipokuwa, na sauti ya viatu vyangu ilikuwa inanirudia. Mama alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, amevaa gauni lake la kutokea, begi moja miguuni.

"Umekuja," alisema. "Vizuri. Nilikuwa nipumzike kidogo nikupigie."

"Usinipigie. Mpigie unayemhamia."

"Nani?"

"Mama, mimi si mtoto! Umempa birika, umempa sufuria, umempa viti, umempa mpaka kikombe changu cha jogoo. Nikanyamaza. Leo kitanda! Nimekukosea nini? Kwa nini usiniambie tu kwamba unampenda yeye zaidi, nikajua moja?"

Sauti yangu ilijaa chumba kizima, maana hapakuwa na kitu cha kuizuia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama kama alivyokuwa akilitazama shuka kabla ya kuamua linarudi wodini au linakatwa vitambaa vya kupigia deki.

"Kikombe nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza!"

"Ukasema vikombe unavyo mpaka vinavunjika vyenyewe. Kila kitu nilikuuliza wewe kwanza. Kila kitu ukasema unacho."

"Na kitanda?"

"Kitanda sikukuuliza kwa sababu watoto wa mdogo wako wanalala chini, na kwako chumba cha nyuma kuna kitanda cha mjukuu wangu. Vitanda viwili vya nini humo ndani, na mimi nalala mmoja?"

Sikumwelewa papo hapo. Alinisubiri.

"Mama... unakuja kwangu?"

"Kwako hakuna ngazi, na zahanati naiona dirishani. Mkwe wangu nilishamwomba, akasema chumba kipo, nije hata kesho. Nilimkataza kukuambia. Nilitaka kwanza nipungue, nije mwepesi." Akavuta begi karibu. "Nilikuwa najiuliza huyu nimpe nini na yeye kila kitu anacho. Nikaona nilichobaki nacho ni mimi mwenyewe."

Nililia. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu yake safi, nikaweka kichwa mapajani mwake, nikalia kwa furaha na kwa ushindi, ndiyo, kwa ushindi pia, kwa maana katikati ya machozi nilikuwa namwona mdogo wangu na masufuria yake na mimi na mama mzima. Kisha nikakumbuka chumba cha nyuma, na machozi yakakatika yenyewe.

"Tuondoke basi," alisema mama. "Mwenye nyumba anakuja kuchukua funguo, na godoro hili nimeshampa mlinzi."

"Leo?"

"Unataka nilale kwenye ngazi?"

Nilijaribu kila hila. Nilisema tupite kwanza sokoni. Nikasema tupite kwa shangazi, hajatuona siku nyingi. Mama akasema amechoka, anataka kunyoosha miguu. Kwenye teksi niliandika ujumbe kwa mume wangu: toa vitu chumba cha nyuma, vyote, sasa hivi. Akanijibu ana mteja amemnyoa nusu.

Tulipofika, mume wangu naye ndiyo kwanza anaingia getini, bado ana nywele za mtu kwenye shati. Alimpokea mama begi, akanitazama mimi kwa jicho la pembeni. Mama hakukaa hata sebuleni. Alipita moja kwa moja ukumbini, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Mlango ukafunguka robo, ukagota kwenye boksi.

Aliingiza kichwa. Nilisimama nyuma yake nikanusa mafuta yake ya nywele.

"Birika," alisema mama.

"Sufuria. Pazia. Viti. Saa. Kabati la vikombe."

Alikuwa anavitaja kwa mpangilio uleule aliovitoa kwake. Alikuwa amesimama mlangoni anakagua mzigo, na mzigo wote alikuwa anaujua. Mara mbili alinyamaza, akatafuta kwa macho, akakiona anachokitafuta, akakitaja.

"Kumbe ulivitaka," akasema.

"Sikuvitaka, mama."

"Ulivitaka." Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Si ungesema, mwanangu? Neno moja tu. Kitanda kiko wapi?"

Mume wangu alikohoa. Kitanda cha mwanangu nilimpa seremala, kama sehemu ya malipo ya kabati. Kabati lenyewe ndilo lililokuwa limesimama pale, limegusa dari, lina vioo, halina hata kikombe ndani yake.

"Nilikwambia uache hiki chumba," mume wangu alininong'oneza. "Sikukwambia?"

"Ungesema kwa nini!"

"Nilikatazwa!"

"Mama atalala chumbani kwetu," nikasema kwa sauti. "Kitanda chetu kikubwa. Baba watoto atalala sebuleni."

"Kabisa, mama," alisema mume wangu. "Tena sebuleni kuna upepo."

"Nimtoe mkwe wangu kwenye kitanda chake? Siku ya kwanza?" Mama alitikisa kichwa, na nilijua kwamba hilo limekwisha, halina rufaa. Akatoa simu kwenye mkoba. Alimpigia mdogo wangu, akamwambia maneno machache, akakata kama anavyokata siku zote.

Mdogo wangu alifika upesi kuliko nilivyopenda. Mama alikuwa amekaa sebuleni na mume wangu, anapewa maji. Nilimvuta mdogo wangu kule nyuma, kwa sababu nilitaka nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa. Alisimama mlangoni. Akatazama maboksi muda mrefu, akashika mdomo.

"Dada. Vyote hivi?"

"Cheka. Umeshinda."

Hakucheka. "Mama aliniambia mwanzoni kabisa kwamba anahamia kwako. Akanikataza nisikuambie. Alisema ukijua tu utaanza kununua vitu."

Mbele yetu kulikuwa na viti sita vyenye mito. Hatukuwa na haja ya kuvitazama.

"Nilimwomba aje kwangu," aliendelea. "Nililia, dada. Nikamwambia watoto nitawabana, mimi nitalala chini. Akasema kwangu hapatoshi. Ndipo akaanza kunipa vitu. Unafikiri nilikuwa nafurahi? Kila akinipa kitu nilijua ananifariji. Wewe utaamka naye, utakunywa naye chai, mimi nitabaki na saa inayokohoa." Alipangusa macho kwa kiganja. "Nilikuwa nakuonea wivu mpaka usingizi unanikimbia. Zile picha nilikuwa nakutumia ili na wewe uumie kidogo."

"Niliumia," nikasema.

"Kweli?"

"Sana."

Tukatazamana. Nadhani dada wengine wangekumbatiana hapo. Sisi tulisikia mama anaita kutoka sebuleni kwamba teksi inasubiri, na usoni kwa mdogo wangu nikaona furaha inapanda, anaizuia kwa adabu, inamshinda. Alikuwa amefika kumchukua mama. Mama alikuwa anakwenda kulala kwake, kwenye kitanda chake, na chai ya asubuhi atamuunguzia yeye.

Nilimfuata mama mpaka getini. Nilimwambia nitakitoa kila kitu, nitakisafisha chumba, nitanunua kitanda. Akasema, "Usinunue tena kitu," akanishika shavu, akaingia garini kwa taabu, goti moja kisha la pili. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mdogo wangu pale, amembebea mama begi lake moja kifuani.

Mdogo wangu alishusha kioo.

"Usijichoshe, dada," alisema, kwa upole wote wa mwalimu wa chekechea. "Punguza taratibu. Hata mwaka mzima, sisi hatuna haraka."

Teksi ikaondoka. Mume wangu aliuliza kama tule kwanza. Nilikunja mikono ya gauni, nikarudi chumba cha nyuma, nikaanza kulivuta lile kabati peke yangu, vioo vikilia, nalitoa nje.